Kibanda cha mbao za kupachikana uani: kuchagua, kukausha na kusimamisha Nyanda za Juu Kusini

Kibanda cha aina hii hakina nguzo wala fremu ndani ya kuta. Mbao nene zinalazwa moja juu ya nyingine, kila moja ina ulimi juu na mfereji chini, na kwenye kona zinashikana kwa mikato bila msumari hata mmoja. Vipande vyote vinakatwa karakana, vinaandikwa namba, vinapakiwa kwenye kenta, na watu watatu wanaoshika vizuri pima maji wanaweza kusimamisha kuta ndani ya siku mbili. Kinafaa kwa chumba cha mgeni, ofisi ya nyumbani, chumba cha kushonea au kijana aliyekua anayetaka mlango wake mwenyewe.

Mbao si tatizo Iringa, Njombe wala Mbeya. Shamba la Miti la Sao Hill, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, liko Mufindi, na ukisimama Mafinga au Makambako utaona malori ya paina mchana kutwa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mbao hizo inauzwa mbichi, na ukuta huu hauvumilii ubichi. Kibanda cha kawaida cha fremu ukikijenga kwa mbao mbichi, kitapinda kidogo na utaishi nacho. Hiki kitaning'inia kwenye fremu ya mlango, kitafunguka nyufa za kupitisha kidole, na mvua ya Desemba itaingia hadi kitandani.

Ukuta unashuka, na lazima ushuke

Paina ikikauka hupungua upana na unene. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Kwa vile mbao zote za ukuta zimelala, kupungua kote kunaangukia kwenye kimo cha ukuta. Kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka, ubao hupungua upana kama robo ya asilimia. Chukua ukuta wa kozi 18, yaani safu 18 za mbao, kila kozi sentimita 13, yaani mita 2.34. Ukijenga na mbao za unyevu wa asilimia 16 na kiangazi kikazishusha hadi 11, ukuta utashuka karibu sentimita 3. Ukijenga na mbao za asilimia 25, utashuka zaidi ya sentimita 7. Masika yakirudi, utapanda kidogo tena.

Kila maelezo yanayofuata kuhusu milango, paa, bomba la waya za umeme na mbao za kubana kona yanatoka kwenye jambo hilo. Chochote kinachosimama wima kisifungwe kwa namna ya kuuzuia ukuta usishuke.

Seti ya kununua au ya kukatiwa

Kuna seti zinazotoka Ulaya kupitia bandari ya Dar es Salaam. Zimekatwa kwa usahihi mkubwa na mbao zake zimekaushwa kwenye tanuri. Lakini nyingi ni sprusi, mbao laini ya Ulaya inayofanana na paina, isiyo na dawa, na mchwa wetu hausomi maelekezo ya mtengenezaji. Pia upenu wake mara nyingi ni mfupi mno kwa mvua ya Tukuyu. Ukiichukua, panga mapema kubadilisha mihimili ya chini kwa mbao za dawa na kurefusha paa.

Njia inayoeleweka zaidi huku ni kukatiwa seti na karakana ya useremala yenye mashine ya randa na ya kuchonga ulimi. Kabla ya kulipa kitangulizi, uliza mambo machache. Unene wa ukuta ni kiasi gani baada ya kupigwa randa? Milimita 28 inatosha kwa stoo ya jembe na pampu tu. Kwa chumba cha kukaa au kulala chukua milimita 44, ambayo hutoka kwenye ubao wa inchi 2. Milimita 70 ni nzuri kwa baridi ya Makete, ila ubao wa inchi 3 unachukua muda mrefu sana kukauka na mafundi wachache wanangoja. Unyevu ni asilimia ngapi, na wanaupima kwa nini? Fundi akikujibu "zimekauka, zilikaa juani wiki mbili," tafuta mwingine. Mwisho, waambie wasimamishe kozi nne za kwanza palepale karakana ukiangalia. Kona zikikataa kuingia pale, hazitaingia kwako.

Kibali usikisahau. Ndani ya mipaka ya mji, kibanda cha mbao nacho ni jengo. Pita ofisi ya mtaa, kisha idara ya mipango miji ya halmashauri, ujue umbali wa kuacha kutoka mpakani. Na kama unanunua mbao mwenyewe Mufindi au Njombe na kuzisafirisha, beba risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), maana vizuizi vya barabarani vinaiulizia.

Mbao gani, na namna ya kuzikausha

Kwa kuta chukua paina iliyokomaa. Wakulima wengi huvuna miti ya miaka minane au kumi kwa sababu ada ya shule haingoji, na mbao hizo ni nyepesi, zina mafundo mengi, na zikikauka zinajipinda kama parafujo. Angalia kichwa cha ubao: ukiona kiini cha mti katikati kabisa, au pete za ukuaji zikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, uache. Mkaratusi, mlingoti kwa jina la wengi huku, usiuweke ukutani. Una nguvu sana lakini hupasuka na kujikunja, na uzito wake utawavunja migongo. Saipresi ikipatikana ni nzuri kuliko paina kwa kuvumilia unyevu, tatizo ni kuipata yenye urefu na unyoofu wa kutosha.

Tembea na futi. Mbao nyingi zinapasuliwa na mashine ndogo za ding-dong, na ubao ulioandikwa 2x6, yaani inchi 2 kwa 6, unaweza kuwa na milimita 55 upande mmoja na 44 upande wa pili. Huo ukipigwa randa hautoi milimita 44 zilizonyooka. Pima ncha zote mbili na katikati; chochote chini ya milimita 49 mahali popote kiachwe.

Nunua mwishoni mwa Mei au Juni, mvua zinapokatika. Chagua sehemu ya uani yenye upepo, weka tofali za kuinua rundo sentimita 40 kutoka ardhini, na uhakikishe magogo ya kulalia yote yako kwenye usawa mmoja, kwa sababu rundo likilala kombo mbao zitakaukia ukombo huo. Panga safu ya mbao zikiachana vidole viwili. Juu yake weka vijiti vikavu vya inchi moja kwa moja, kila baada ya sentimita 60, halafu safu nyingine. Vijiti vya safu zote vikae wima juu ya vingine, toka chini hadi juu. Kijiti kilichokaa kando kinatengeneza wimbi kwenye kila ubao ulio chini yake. Paka vichwa vya mbao rangi ya mafuta iliyobaki nyumbani ili visipasuke. Funika juu kwa bati, acha pembeni wazi, weka mawe mazito juu. Turubai lililofunika kila upande linazuia hewa, na ndani ya siku chache paina inapata madoa ya bluu. Madoa hayo hayaondoi nguvu ya ubao, ila sehemu hiyo hunywa maji na rangi haraka kuliko nyingine.

Kwa kiangazi cha Iringa, ubao wa inchi 2 unahitaji miezi miwili hadi mitatu. Huna kipima unyevu? Kata kipande cha sentimita 3 katikati ya ubao, si kwenye kichwa, kipime kwenye mizani ya dukani inayosoma gramu, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito uache kushuka, kipime tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 116 zilizobaki 100 ni asilimia 16, na hapo unaweza kwenda kwenye randa.

Hesabu ya vifaa

Vipimo vya mwongozo huu vimefuata urefu wa futi 12, kwa sababu ndio unaopatikana kila kiwanja cha mbao. Ubao wa futi 12 ni mita 3.66, ukipunguza ncha zilizopasuka unabaki na mita 3.60. Kati ya mkato wa kona na kona ni mita 3.30, na kila ubao unachomoza sentimita 15 nje ya kona. Ndani utapata chumba cha mita 3.25 kwa 3.25, kitanda cha futi tano na meza vinaingia vizuri.

- Kuta: 2x6 za futi 12, vipande 95. Zinazohitajika hasa ni kama 78 pamoja na pembetatu mbili za chini ya paa. Nyingine ni kwa ajili ya zitakazojipinda kwenye rundo, na zitajipinda.
- Boriti za paa na kozi ya juu ya kuta za pembeni: 2x6 za futi 15, vipande 8. Hizi ziagize mapema, si za kukuta dukani.
- Mbao za paa: 1x6 za futi 15, vipande 40.
- Sakafu: 1x6 za futi 12, vipande 28.
- Za dawa: 2x6 za futi 12 vipande 10 (sita mihimili, nne kozi ya kwanza) na 2x4 za futi 12 vipande 14.
- Kubana kona: 2x3 vipande 8, na bolti za milimita 10 urefu wa milimita 120, bolti 24 pamoja na washa pana.
- Papi za bati: 2x2 za futi 15, vipande 8.
- Bati geji 28 za mita 2.4, bati 14 kama kila moja inafunika sentimita 75. Pima upana unaofunika, si upana wa bati zima.
- Tofali za inchi 6, jumla 54. Saruji mifuko 4. Nailoni nzito, kofia za paa na gata.

Mbao za kuta peke yake ni mita za ujazo 2.6. Zikiwa mbichi zinakaribia tani mbili au kuzidi, basi usikubali kuzipakia kwenye pikapu.

Mbao za dawa ni zile zenye rangi ya kijani hafifu, zilizosukumiwa dawa kwa mgandamizo, kiwanda kilekile kinachotia dawa nguzo za umeme. Dawa hiyo ina shaba, kromu na aseniki. Vipande vinavyobaki visiende jikoni kamwe, wala kwenye jiko la kuchemshia maji ya kuoga. Moshi na majivu yake ni sumu. Waambie majirani na watoto, kwa sababu mabaki ya mbao huku hayalali uani hata usiku mmoja. Ukikata ubao wa dawa, paka dawa ya brashi kwenye sehemu uliyokata, maana mgandamizo haufiki kiini sawasawa. Misumari iwe ya mabati. Ya kawaida huliwa na dawa hiyo.

Mikato ya kona

Baada ya randa ubao una unene wa milimita 44 na upana wa 140, ukihesabu ulimi wa milimita 10. Mfereji wa chini uchongwe milimita 12. Hizo mbili za ziada zinahakikisha mabega ya ubao ndiyo yanayokutana, si ncha ya ulimi. Ulimi ukigusa kwanza, kutakuwa na ufa wa mlalo kwenye kila kozi.

Kuta mbili zinazokutana zinapishana nusu kozi. Kwa hiyo kila ubao una mkato juu na mkato chini, kila mmoja robo ya kozi: sentimita 13 gawa kwa nne, milimita 32.5. Kata 34. Ukikata 32 kamili, mbao zitakaa kwenye kona kabla ya kukaa kwenye mwili wa ukuta, na utaona mwanga katikati. Ukikata 40, kona italegea na upepo utaipata njia. Upana wa mkato ni milimita 45, moja tu zaidi ya unene. Tengeneza kiolezo kimoja cha plaiwudi na kila mkato ufuate hicho. Fundi anayepima upya kila ubao anakusanya makosa kidogo kidogo hadi kozi ya kumi ambako hakuna kinachoingia.

Kozi ya kwanza ya ukuta wa mbele na wa nyuma ni nusu ubao, uliopasuliwa kwa urefu. Kozi ya kwanza ya kuta za pembeni ni ubao mzima. Hapo ndipo kupishana kunaanzia.

Msingi wa nguzo fupi

Sakafu ya zege inashauriwa na mafundi wengi kwa sababu wameizoea. Kwa kibanda hiki nguzo fupi ni bora: hewa inapita chini, mteremko hausumbui, na mchwa anaonekana. Huyo wa mwisho ndiye sababu kubwa. Mchwa hapandi hadharani. Hujenga kichuguu chembamba cha udongo, unene wa penseli, kutoka ardhini hadi kwenye mbao. Kwenye nguzo iliyo wazi unakiona asubuhi ukipita na ndoo na unakivunja kwa kijiti. Kwenye ukingo wa zege uliofunikwa na maua hukioni mpaka ubao ulie mtupu ukiugonga.

Nguzo ni 9, tatu kwa tatu, zikiachana mita 1.65 katikati. Chimba shimo la sentimita 45 kwa 45, kina sentimita 50, au zaidi mpaka upite udongo mweusi wa juu. Mimina zege la sentimita 20, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Juu yake jenga kozi tatu za tofali mbilimbili. Nguzo itatokeza kama sentimita 40 juu ya ardhi. Rungwe na upande wa Mufindi wenye ukungu, panda hadi 50. Zote ziwe usawa mmoja kwa mpira wa maji, si kwa macho. Pachika kwenye saruji ya kichwa utepe wa chuma wa kufungia muhimili. Halafu kila nguzo ivalishwe kofia ya bati bapa inayotokeza sentimita 5 kila upande na kukunjwa kuelekea chini. Kofia haimuui mchwa. Inamlazimisha kuizunguka kwa nje, mahali utakapomwona.

Laza mihimili mitatu, kila mmoja 2x6 mbili za dawa zilizobanwa pamoja. Juu yake 2x4 kila baada ya sentimita 40, za kingoni zikiwa mbilimbili kwa sababu zinabeba ukuta. Funga vichwa vyake kwa 2x4 mbili za kukatiza. Fremu hii ya chini iwe mita 3.32 kwa 3.32 kwa nje, yaani ndogo kuliko uso wa nje wa ukuta kwa zaidi ya sentimita moja kila upande. Maji yanayoshuka ukutani yatadondoka chini badala ya kutuama juu ya fremu. Pima kona kwa kona: zote mbili zisome mita 4.695. Tofauti ikizidi milimita 5, sukuma sasa. Ukifika kozi ya saba hakuna nyundo itakayokusaidia.

Kusimamisha

Agosti na Septemba ndiyo miezi yake. Ukianza Oktoba unacheza kamari, kwa sababu Novemba mvua ziko mlangoni na kuta zisizo na paa hunywa maji kwa vichwa vya mbao.

Panga vipande uani kwa namba na kwa ukuta kabla ya kuanza. Laza nusu ubao mbele na nyuma, kisha mbao nzima pembeni, ulimi daima ukitazama juu. Ulimi ukitazama chini mfereji unakuwa bakuli la mvua. Zifunge kwenye fremu kwa skrubu. Rudia kipimo cha kona kwa kona. Kuanzia hapo, zungusha kozi moja kuta zote nne ndipo upande nyingine. Gonga kwa nyundo ya mbao juu ya kipande cha ubao chenye mfereji, si juu ya ulimi. Ubao uliojipinda kidogo unashuka ukikalishwa mtu ncha moja na kugongwa ncha nyingine. Uliojipinda sana ukatwe vipande vifupi vya pembeni mwa mlango na dirisha, ambako mpindo hauna nguvu. Usipake gundi wala silikoni kati ya kozi. Gundi itaushika ubao usishuke na mwenzake, na ufa utafunguka pengine, mara nyingi katikati ya ubao wenyewe.

Mbao za kubana kona ndizo zinazosahaulika kuliko zote. Kila ukuta unapata 2x3 mbili ndani, karibu na kona, urefu mita 2.2. Chini kila moja inapitishiwa bolti kwenye tundu la duara hadi kozi ya kwanza. Katikati na juu, tundu la kwenye 2x3 liwe refu, sentimita 8 kwa wima, na bolti ianze ikiwa ncha ya juu ya tundu hilo. Ukuta ukishuka, bolti inateremka ndani ya tundu. Upepo ukitaka kuinua paa, bolti inagonga ncha ya juu na haiendi popote. Fundi asiyeelewa ataiweka katikati "ili iwe sawa", na hapo umepoteza kinga ya upepo. Kaza kwa mkono tu, usikaze kwa spana hadi washa izame.

Mlango na madirisha

Fremu ina mfereji wa kuvaa vichwa vya mbao za ukuta pande mbili, na inateleza humo. Inasimama juu ya ubao wa chini. Juu yake acha sentimita 4 tupu kabla ya ubao unaofuata. Kama mbao zako zilikuwa na asilimia 20 au zaidi, acha 7. Jaza nafasi hiyo sufi ya godoro, kisha ifunike kwa ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye ukuta wa juu peke yake, ukining'inia mbele ya fremu. Ukiupigilia juu na chini umeifunga fremu, na miezi michache baadaye mlango utakwama, fundi ataitwa aurande, na kiangazi kijacho ataitwa tena. Mlango unaokwama juu kwenye kibanda cha namna hii karibu kila mara hauhitaji randa. Unahitaji msumari uondolewe.

Paa

Kozi ya 18 ya kuta za pembeni ni ubao wa futi 15, ukitokeza mbele na nyuma kama sentimita 63 kutoka kona. Pembetatu za mbele na nyuma zinapanda kozi tano kwa mteremko wa nyuzi 20, na ndani yake zinakaa boriti tano: moja ya mgongo, mbili kila upande. Zote zifungwe kwa utepe wa chuma kwenye pembetatu, si kwa misumari ya kuchomeka kichwani.

Bati likikaa moja kwa moja juu ya boriti, usiku wa Juni huko Njombe litatoa jasho na kukudondokea. Kwa hiyo piga kwanza 1x6 zenye ulimi kutoka mgongoni kushuka chini. Ubao wa futi 15 ukikatwa katikati unatoa vipande viwili vya mita 2.28, urefu kamili wa mteremko pamoja na upenu wa nusu mita. Vipande 36 kila upande. Juu yake nailoni, kisha vipande vyembamba vya inchi moja vinavyofuata mteremko, halafu papi za kukatiza, halafu bati. Vipande vile vyembamba vinaacha njia ya maji na hewa. Papi ikilala juu ya nailoni yenyewe inakuwa bwawa. Gata weka, hata kama nyumba kubwa haina. Tone linaloruka kutoka ardhini ndilo linalooza kozi mbili za kwanza.

Rangi, moto na umeme

Paka nje mara mbili, vanishi au rangi ya mbao ya kustahimili jua, kabla mvua haijaanza, na vichwa vya kona mara tatu kwa sababu hunywa maji kuliko uso wa ubao. Oili chafu ya gereji iache kwa nguzo za uzio. Ukutani inanuka miezi, inashika moto kirahisi, na hutaweza kupaka kitu kingine juu yake.

Bomba la waya lisibanwe kwa klipu zinazokaza kutoka sakafuni hadi paani. Lishikwe chini, juu liteleze. Kama utaweka jiko la kuni lenye dohani, bomba likae mbali na mbao na mahali linapotoboa paa pawe na kola ya bati mbili zenye nafasi katikati. Jiko la mkaa lisilo na dohani lisiingie humu hata kwa dakika za kuota. Kuta hizi zikikaa vizuri hazipitishi hewa, na hewa ya mkaa inaua watu waliolala bila harufu ya kuwaamsha.

Mwaka wa kwanza pita mwezi wa pili, wa sita na wa kumi na mbili. Legeza na ukaze upya bolti za kona, angalia ni sentimita ngapi zimebaki juu ya fremu, zungukia nguzo tisa ukitafuta vichuguu. Pengo la juu ya mlango likibaki chini ya sentimita moja, ng'oa ubao wa kufunika, punguza kichwa cha fremu kwa randa, rudisha. Ukuta unaotazama magharibi ndio utakaodai rangi mapema, kwa kawaida mwaka wa pili au wa tatu. Upakwe huo peke yake, kuta nyingine zitasubiri.